Jinsi ya kutabiri mechi ya NFL (ligi ya futiboli ya Kimarekani) bila kubahatisha
Kabla hujasema timu flani itashinda, anza na ripoti ya majeruhi, inatoka siku kadhaa kuelekea mechi, alafu dakika 90 kabla ya kuanza timu zinataja wasiocheza, hapo ndo utabiri mwingi unageuka. Kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, akikosekana kila mtu anaona, ila cheki pia wale majamaa wanaomkinga pale mbele, wawili wakiwa nje hata kwotabeki mkali hapati muda wa kurusha mpira. Rekodi ya ushindi isikudanganye sana, msimu wa kawaida una mechi 17 tu, angalia walishinda kwa pointi ngapi na walicheza na nani. Na upepo jamani! Kule Buffalo, mji wa kaskazini mwa Marekani, mwezi Desemba ukivuma vizuri pasi ndefu zinakuwa shida, mi hapo naipa nafasi timu inayojua kukimbia na mpira.