Kusoma alama za vinasaba za maharage: kutoka ungo wa mkulima hadi kwenye jeli

Soko la Mwanjelwa, Mbeya, unaweza kukuta magunia matatu ya maharage, yote yanaitwa Kablanketi, na punje za kila gunia zina sura yake. Ni mbegu moja au tatu? Macho hayatoshi kujibu. Alama za vinasaba (DNA) zinajibu. Mbinu hii ilianzia kwa Alec Jeffreys, Leicester, Uingereza, mwaka 1984, akichunguza vinasaba vya watu. Sisi tunaitumia kwenye mazao.

Kazi hii huharibikia shambani kuliko maabara, kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye hatua ya kwanza.

Hatua ya 1: Kukusanya

Anza na mwenye mbegu. Mama mmoja karibu na Tukuyu alinimwagia maharage yake kwenye ungo. Mimi niliona fungu moja la rangi ya zambarau yenye madoa. Yeye akayatenga mara mbili kwa kidole: "Hii, mwanangu, ni ya bibi yangu, inaiva upesi. Hii nilinunua sokoni." Andika maneno hayo yote, pamoja na jina la kijiji na mwinuko wake. Bila hayo, jibu la maabara halitakuwa na pa kushikia.

Panda punje kadhaa za kila fungu, nyingine zibakize, kisha chukua jani changa kwa kila mche, mche mmoja mfuko mmoja. Maharage hujichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa, hivyo kila mche unakaribia kuwa ukoo wake. Ukisaga majani ya miche kumi pamoja umeua tofauti uliyokuja kuitafuta. Miche 10 hadi 15 kwa fungu ni mwanzo mzuri.

Weka jani kwenye bahasha ya karatasi ndani ya mfuko wenye silika jeli (chembe za kunyonya unyevu), uzito wa silika uwe angalau mara kumi ya jani. Rungwe mvua haikatiki, na silika hulowa haraka. Ikibadilika rangi, ibadilishe siku hiyohiyo. Namba ya sampuli andika kwa penseli. Niliwahi kutumia kalamu ya wino, umande ukaifuta, na sampuli za siku nzima nikazitupa.

Hatua ya 2: Kutoa vinasaba

Saga jani kavu hadi liwe unga laini. Ongeza bafa ya CTAB (kimiminika cha sabuni kinachopasua seli) ya asilimia 2 iliyopashwa moto, acha kwenye nyuzi 65 za Selsiasi kwa dakika 30 hadi 60. Safisha kwa klorofomu na alkoholi ya isoamili (24 kwa 1), chukua maji ya juu tu, teremsha vinasaba kwa isopropanoli baridi, osha kwa ethanoli ya asilimia 70. Klorofomu ifanyie kazi kwenye kabati la kufyonza hewa, glavu mkononi.

Pima mwanga unaofyonzwa na vinasaba: uwiano wa nanomita 260 kwa 280 ukiwa karibu 1.8, endelea. Ukishuka sana, kuna protini; rudia kusafisha.

Hatua ya 3: PCR (kunakili kipande cha vinasaba mara nyingi)

Tumia mikrosatelaiti, yaani vipande vifupi vya vinasaba vinavyojirudia, ambavyo idadi ya marudio hutofautiana kati ya mbegu na mbegu. Kila toleo la kipande huitwa aleli. Maharage yana jozi 11 za kromosomu. Chagua angalau alama moja kwa kila jozi. Alama iitwayo BM143 hutofautisha vizuri sana. Kila mara weka tyubu moja ya maji matupu, na mbegu mbili za kulinganishia: Calima kwa kundi la Andes, ICA Pijao kwa kundi la Amerika ya Kati. Hayo ndiyo makundi makuu mawili ya maharage duniani.

Tofauti ya aleli mbili inaweza kuwa herufi mbili tu za vinasaba. Vipande hutenganishwa kwa ukubwa ndani ya jeli yenye umeme, lakini jeli ya kawaida ya agarosi haitazitenganisha aleli hizo. Tumia jeli ya poliakrilamidi au mashine ya kapilari.

Hatua ya 4: Hesabu

Andika ukubwa wa kila aleli kwenye jedwali. PCR iliyogoma iache kama pengo, usiiandike sifuri, maana programu itaisoma kama tofauti ya kweli.

Utofauti wa alama moja ni 1 kutoa jumla ya vipeo vya pili vya masafa ya aleli (masafa ni sehemu ya kila aleli katika jumla ya zote). Aleli tatu zenye masafa 0.5, 0.3 na 0.2 zinatoa 1 − (0.25 + 0.09 + 0.04) = 0.62. Kisha hesabu ni miche mingapi ina aleli mbili tofauti kwenye alama moja. Kwa maharage idadi hiyo iwe ndogo mno. Ikiwa kubwa, kabla ya kutangaza jambo jipya shuku kwamba majani yalichanganyika.

Mwisho chora mti wa ukoo. Kablanketi mbili zikiangukia matawi tofauti, moja kwa Calima na nyingine kwa ICA Pijao, toa punje ulizobakiza, zipande mstari kwa mstari, chukua majani mapya na urudie PCR. Zikitengana tena, mpelekee mama wa ungo jibu lake, fungu kwa fungu.