Kupaka rangi darasani: vunja krayoni, punguza picha

Walimu wenzangu wa gredi wani mpaka gredi thrii hapa Mombasa, hebu tuongee kuhusu kupaka rangi, manake madarasa mengi rangi hutolewa Ijumaa mchana watoto washachoka na mwalimu ana rundo la madaftari ya kusahihisha, yani ni kazi ya kuwatuliza tu. Hiyo ni hasara kubwa. Ukiipanga vizuri ndio inayomjenga mtoto misuli midogo ya vidole na kifundo cha mkono, ile ile anayoitumia kuandika, kukata na makasi, kufunga vifungo vya shati na kamba za viatu.

Kwanza vunja krayoni. Ndio, zivunje, kipande kibaki kama sentimita 3 hivi. Krayoni ndefu mtoto mdogo huikamata na ngumi nzima akasukuma na bega, mkono wote waenda huku na huku lakini vidole havifanyi kazi. Kipande kifupi ngumi haina pa kushika, inabidi kidole gumba na cha shahada vibane na cha kati kiegemeze kwa chini. Chukua dakika umwangalie mtoto mmoja tu, utaona mwanzo anakigeuza geuza, kinamponyoka, anakiokota, alafu vile vidole viwili vya mwisho vinajikunja vyenyewe ndani ya kiganja na ubavu wa mkono unatulia mezani, na wewe hujamwambia shika hivi wala shika vile. Ila waambie wazazi mapema, wasije wakauliza mbona rangi za mwanangu zimevunjwa. Na kama darasa halina krayoni, vipande vya chaki vilivyobaki ubaoni ndio saizi yenyewe hiyo.

La pili ni picha. Hizi fotokopi za A4 zenye ndovu mmoja mkubwa sizipendelei kwa mtoto wa gredi wani, nafasi ikiwa pana atapiga mistari mirefu tu na mkono mzima. Karatasi moja ikate vipande vinne, picha iwe kama kiganja, nafasi zikiwa ndogo vidole ndio vitalazimika kusogea, na pesa ya fotokopi nayo inashuka. Mimi hapa napenda sana leso. Kila mtoto nyumbani kaiona, anajua ina pindo linalozunguka pande zote nne, mji katikati na jina, yale maneno yaliyoandikwa, chini yake. Chora pindo lenye korosho ndogo ndogo na vidoti, mji uache wazi wachore wanachotaka wenyewe, mashua, tuktuk, chochote, na wale wa gredi tuu na thrii waandike jina la leso yao. Siku moja pindo, kesho yake mji, usiwape yote pamoja. Dakika 10 mpaka 15 zatosha, mkono ukichoka mtoto anarudi kwenye ngumi.

Wakizoea, wafundishe nguvu ya mkono. Rangi moja tu, tuseme buluu, miraba mitatu, wa kwanza rangi ififie, wa pili iwe ya wastani, wa tatu ikoze kabisa. Hii inawasaidia sana wale wanaoandika mpaka karatasi inatoboka, na wale ambao maandishi yao hayaonekani. Ukipata kipande cha msasa kwa fundi seremala kiweke chini ya karatasi, mtoto atausikia mkwaruzo vidoleni. Au jani la mti wa mkungu, geuza upande wenye mishipa uje juu, funika na karatasi, lalisha krayoni usugue polepole mpaka mishipa itokeze. Hapo mkono wa pili lazima ushike karatasi vizuri la sivyo jani linahama, na kushika karatasi ni kitu watoto wengi wanakisahau kabisa.

Mara moja moja bandika karatasi ukutani na selotepu usawa wa macho, wapake wakiwa wamesimama, kifundo kitainuka kwa nyuma vile inavyotakikana. Wanaokaa, miguu ifike chini, kama benchi ni refu weka tofali. Anayetumia mkono wa kulia pembe ya chini ya kushoto ya karatasi ielekee tumboni kwake, wa kushoto kinyume chake, na tafadhali mtoto wa kushoto asilazimishwe kulia, mwacheni na mkono wake.

Joto letu nalo si mchezo, hasa kuanzia Januari mpaka Machi na darasa la mabati, krayoni za nta zinalegea, hazina tena ule ugumu wa kumfanya mtoto akaze vidole. Ziwekeni mbali na dirisha na kazi ya rangi iwe asubuhi.

Ukipita kwenye madawati angalia mkono kwanza, picha baadaye. Kutoka nje ya mstari kusikutie wasiwasi, na anayeshika kwa vidole vinne bila kuchoka mwache. Lakini mtoto akifika gredi tuu bado ni ngumi, au mkono unamuuma kila akishika penseli, au vifungo vya shati vinamshinda, ita mzazi mkae mzungumze kwa upole, mumpeleke akaangaliwe na mtaalamu wa okupesheno therapi hospitalini, yule anayesaidia watu waweze kazi za kila siku kama kuandika na kuvaa, na mwende na kazi zake za rangi za mwezi mzima zenye tarehe nyuma, zitamsaidia sana mtaalamu.