Kurudi Mji Mkongwe: namna ya kupanga safari za kutwa kwenda shamba, yaani nje ya mji

Mgeni anayefika Unguja kwa mara ya kwanza aghalabu hukuta amekwisha kupangiwa ratiba: atazungushwa vichochoro vya Mji Mkongwe, atavushwa kwenda kisiwa cha Changuu kuwaona kobe, atapelekwa kwenye shamba la viungo, na usiku utamkuta kwenye bustani ya Forodhani. Ratiba hiyo haina ubaya, lakini anayerudi hana sababu ya kuikariri. Wengi wanaporudi huandika majina ya vijiji vya kaskazini, mashariki na kusini kwa pamoja, wakajaribu kuvimaliza kwa siku moja, na matokeo yake hushinda garini. Njia bora ni kuchagua jambo uliloliona mjini likabaki nusu, kulifuata nje ya mji kwa barabara moja tu, na kupanga siku kwa kuanzia saa ya kurudi.

Chukua mfano wa Beit al-Ajaib, jumba ambalo Sayyid Barghash alilijenga mwaka 1883 na ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Anayetaka kujua zaidi habari za mfalme huyo aende Maruhubi, mwendo mfupi kaskazini mwa mji, kwenye magofu ya kasri alilowajengea masuria wake. Kasri hilo liliungua mwaka 1899, na zilizosalia ni nguzo nene zilizokuwa zimebeba roshani, pamoja na mabirika ya kuogea. Mbele kidogo, ufukweni, ndipo lilipo gofu la Mtoni, kasri kongwe zaidi la Sayyid Said, baba yake Barghash, alikozaliwa binti yake Sayyida Salme mwaka 1844 kabla ya kuolewa na mfanyabiashara wa Kijerumani na kujulikana kwa jina la Emily Ruete. Ukipita Bububu na kupanda upande wa bara utafika Kidichi, kwenye hamamu, yaani majumba ya kuogea, ambazo Sayyid Said alimjengea mkewe Shahrazad, aliyetoka katika ukoo wa kifalme wa Uajemi. Kwa nje jengo hilo ni makuba meupe yasiyo na makuu. Ingia ndani, usiharakishe, ngoja macho yazoee kiza, ndipo utakapoona mapambo ya maua na ndege yaliyofinyangwa kwa lipu ukutani, kwa mtindo wa Kiajemi ambao huuoni katika nyumba za mjini.

Barabara hiyo hiyo ya kaskazini inakwenda mpaka Mangapwani, na hapo pana uzito wa aina nyingine. Aliyesimama katika kanisa la Anglikana la Mkunazini anajua kwamba lilijengwa pale palipokuwa na soko la watumwa, na kwamba soko hilo lilifungwa mwaka 1873. Asichoelezwa kwa kirefu ni kwamba biashara yenyewe iliendelea kwa siri, na chemba ya Mangapwani, iliyochongwa katika mwamba wa matumbawe karibu na bahari, inaelezwa kuwa ilitumika kuwaficha watu wakisubiri kusafirishwa. Ngazi zake ni nyembamba na ndani hakuna la kupendeza macho. Hata hivyo, kwa maoni yangu, hakuna safari ya kutwa inayomfaa anayerudi kuliko hii, kwa sababu inaonyesha kwamba historia aliyosimuliwa kanisani haikukoma kwa tarehe moja.

Kwa siku hiyo ni afadhali kukodi gari, kwani Kidichi na Mangapwani ziko mbali na barabara kuu. Mpatane na dereva bei ya kutwa nzima, pamoja na kusubiri, kabla hamjaondoka, na umtajie vituo vyote kwa majina. Anza na Mangapwani iliyo mbali zaidi, kisha urudi mjini kidogo kidogo kwa kupitia Kidichi, Mtoni na Maruhubi. Mpango huo una faida kubwa: wakati ukibana, utakachokiacha ni kile kilicho karibu na mji, ambacho unaweza kukifikia siku nyingine kwa daladala ya Bububu na kwa nauli ndogo.

Upande wa kusini unafaa zaidi kwa daladala. Namba zake zina mpango unaosaidia: zinazoanza na 1 huelekea kaskazini, za 2 mashariki, za 3 kusini, na za 5 huzunguka mjini na viungani mwake. Ya Kizimkazi, kwenye msikiti wa kale, ni 326. Kwa kuwa vituo vya mjini vimewahi kuhamishwa, muulize mwenyeji jioni ya kabla mahali inapopakia, wala usitegemee kumbukumbu ya safari yako ya kwanza. Mwambie konda kwamba unakwenda Dimbani, kwa maana Kizimkazi ni mbili, Dimbani na Mkunguni, na msikiti uko Dimbani. Kwa nje ni msikiti wa kawaida wenye paa la bati, na mtu anaweza kuupita asijue. Ndani, kwenye kibla, kuna maandishi ya Kiarabu ya mtindo wa Kikufi yaliyochongwa katika jiwe la matumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia, karne nyingi kabla ya jengo lolote ulilolipiga picha Mji Mkongwe. Msikiti huo unasaliwa mpaka leo, kwa hiyo mtafute mwangalizi, omba ruhusa, vua viatu, jisitiri vizuri, na uepuke nyakati za sala, hasa Ijumaa adhuhuri. Vijana wa pwani watakuambia habari za pomboo. Mimi siwashauri wageni kwenda kuwakimbiza kwa maboti, kwani wanyama hao hawapewi nafasi ya kupumzika, na siku yako inaliwa bure. Ukibakiwa na muda, teremka kwenye msitu wa Jozani wakati wa kurudi, uwatazame kima punju.

Jambo ambalo wageni wengi hawalipangi kabisa ni maji ya bahari, na safari ya Kisiwa cha Uzi ndiyo inayolidhihirisha. Njia ya zamani ya kwenda huko, inayokatia mikokoni kutoka upande wa Unguja Ukuu, hufunikwa maji yakijaa. Wakati wa bamvuo, yaani siku zinazofuatia mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari ya Unguja hukauka kwenye saa nne au saa tano asubuhi na kujaa tena kwenye saa kumi au kumi na moja jioni, na kila siku inayopita nyakati hizo husogea mbele kwa takriban dakika 50. Kwa hiyo, ukiitumia njia hiyo, siku za bamvuo vuka asubuhi na uwe umekwisha kurudi mapema mchana, la sivyo utangoja kisiwani mpaka maji yatoke. Waulize wavuvi, si wauza safari, na uulize siku hiyo hiyo.

Kuhusu majira, masika ya Machi hadi Mei huharibu njia za shamba, ilhali Juni hadi Septemba, wakati wa kusi, kuna ubaridi na njia kavu. Katika mwezi wa Ramadhani migahawa mingi hufungwa mchana, basi jizuie kula hadharani na upange kurudi mapema, kwani wakati wa futari ukikaribia magari hupungua. Siku nyingine nazo, mara tu ufikapo uliza konda gari la mwisho la kurudi mjini linaondoka saa ngapi, kisha upande lile linalolitangulia, kwa sababu daladala za shamba hupungua alasiri, na la mwisho huenda lisije.

Siku ya kuondoka isipangiwe safari ndefu. Ikiwa boti yako ya Dar es Salaam inaondoka alasiri, asubuhi hiyo inatosha kwa Maruhubi peke yake, iliyo karibu kiasi cha kukuwezesha kurudi bandarini kabla ya adhuhuri.