Somo: kupata makala ya utafiti bila kulipa

Jirani yangu hapa Kisumu ana shamba Siaya. Juzi alinionyesha simu akiwa amekata tamaa: anatafuta dawa ya kayongo, gugu linalonyonya mahindi mizizini kabla hata halijachomoza, na tovuti ya jarida inamdai dola. Utafiti wenyewe ulifanyika mashamba ya huku kwetu! Iliniuma. Tulifanya hivi.

1. Tafuta kwa jina la kisayansi. Andika Striga hermonthica, kisha Kenya, kwenye Google Scholar, tovuti ya Google ya kutafuta makala za utafiti.

2. Kwenye kompyuta, tazama kulia. Ukiona PDF, bofya. Usipoiona, fungua matoleo mengine chini ya makala. Huenda mwandishi ameweka nakala kwenye hazina ya mtandaoni ya chuo chake.

3. Bado unadaiwa? Weka Unpaywall kwenye kivinjari; ni programu ndogo inayotafuta nakala halali za bure. Kufuli la kijani likitokea pembeni, libonyeze.

4. Mwandikie mtafiti. Barua pepe yake huwa karibu na muhtasari. Mistari mitatu yatosha: wewe ni nani, makala ipi, unaitakia nini. Hapati senti jarida likiuza nakala, na wengi hufurahi kusomwa.

MASWALI

Mwalimu, naweza kuitafsiri makala kwa Kijaluo niwagawie wanachama wa kikundi chetu?

Soma leseni kwanza. CC BY, mojawapo ya leseni huria za Creative Commons, inakuruhusu kutafsiri, kuchapa na kugawa, mradi umtaje mwandishi na useme tafsiri ni yako. Ikiwa na NC, usiuze. Ikiwa na ND, gawa kama ilivyo; tafsiri usiisambaze bila idhini. Hapa ndipo wengi hukosea, tena kwa nia njema.

Cha bure si ndicho cha ovyo?

La, mama. Bure ni kwa msomaji. Makala inaweza kuwa imekaguliwa na wataalamu vilevile. Majarida ya kilaghai yapo, kwa hiyo angalia jina la jarida kwenye DOAJ, orodha ya majarida yanayosomwa bure, iliyoanzishwa 2003. Lisipokuwemo, chunguza zaidi kabla ya kuliamini.

Jirani alipata nini?

Makala za icipe, shirika la utafiti wa wadudu lenye kituo Mbita. Unapanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mistari ya mahindi, na majani ya nepia kuzunguka shamba. Mizizi ya desmodiamu huziamsha mbegu za kayongo, kisha huzizuia kushika mahindi. Nepia huvuta nondo wa viwavi wanaotoboa mabua ya mahindi, wakatage huko. Ameshatenga robo eka, na sasa anatafuta mbegu ya desmodiamu. Mwenye nayo amwambie hapa.