Umepandikizwa Jino? Yaweke Sawa Haya Kabla Halijaanza Kucheza

Jino la kupandikiza halitoboki wala haliumi, na ndiyo maana watu hulisahau. Kilichoingia kwenye taya ni skrubu ya titani iliyoshikana na mfupa moja kwa moja. Jino la kuzaliwa nalo limezungukwa na nyuzi laini zenye hisia. Likielemewa unajua. Hili la skrubu halina nyuzi hizo. Uchafu ukikaa kwenye ukingo wa ufizi, ufizi unavimba, unatoa damu kidogo, kisha mfupa unaanza kuliwa kimyakimya. Uvimbe wa ufizi peke yake hutibika ukapona. Mfupa ukishaliwa, kuurudisha ni shughuli nyingine kabisa, na pengine usirudi. Kwa hivyo ukiona damu kwenye sinki, usiseme mswaki ulikuwa mgumu. Nenda ukaangaliwe.

Piga mswaki laini mara mbili kwa siku. Pitisha uzi kila usiku, au vile viburashi vyembamba vya katikati ya meno; chagua vyenye waya uliofunikwa plastiki, visikwaruze titani. Mswaki wa mti ni mzuri na ni sunna, endelea nao, lakini haufiki chini ya taji, yaani lile jino la bandia linalokaa juu ya skrubu, wala pembeni ambako meno yanabanana. Mwezi wa Ramadhani usilale na daku mdomoni kwa sababu usingizi umekuzidi.

Sigara, acha. Sipambi neno hapa. Na wewe wa miraa na muguka, ukikaa barazani toka alasiri hadi usiku shavu limejaa upande mmoja, soda mkononi na sigara juu yake, ujue ufizi wa upande huo ndio unaolipa. Mwenye kisukari ajue kiwango chake cha sukari kabla ya kwenda kwa daktari wa meno, maana sukari ikipanda kidonda hakiponi na maambukizi hayatoki. Anayesaga meno usingizini, muulize mwenzako wa chumbani, yeye ndiye anayesikia, kisha uombe kinga ya plastiki ya kuvaa usiku. Kokwa za mabuyu ni za kumung'unywa, si za kuvunjwa kwa meno. Soda ina kifunguo chake.

Sasa nisikilizeni kwenye hili, kwa sababu ndilo wengi hawaambiwi.

Shangazi yangu alipandikizwa meno mawili India, kama wanavyokwenda watu wengi wa hapa Mombasa. Kazi ilikuwa safi. Alirudi, akala mahamri yake na mishkaki yake miaka kadhaa bila neno. Kisha jino moja likaanza kucheza akitafuna. Tukampeleka kwa daktari wa meno huku mjini, akapiga eksirei, akatupa habari njema: kipandikizi, yaani ile skrubu ya titani, kimeshika vizuri kwenye mfupa, kilicholegea ni skrubu ndogo ya juu inayoshikilia taji. Kuikaza ni kazi fupi. Akauliza, "Ni ya kampuni gani?"

Hakuna aliyejua. Vipandikizi hutengenezwa na kampuni nyingi, na kila moja ina skrubu yake na bisibisi yake. Daktari alijaribu alizokuwa nazo, hakuna iliyoingia sawasawa, na hakutaka kulazimisha akaharibu kichwa cha skrubu. Tukapiga simu kliniki ya kule, nambari haipatikani. Tukapekua mkoba wa safari: tiketi za ndege, risiti za hoteli, karatasi za dawa, na risiti moja ya malipo iliyoandikwa "meno mawili" basi. Huku shangazi anaendelea kulitafunia jino lile lile, kwa kuwa haliumi. Skrubu ikakatikia ndani. Ilibidi itolewe kipande kwa kipande, umbo la kipandikizi lilinganishwe kwenye eksirei mpaka kampuni ikajulikana, kisha sehemu mpya iagizwe kutoka nje. Harusi ya mwanawe imepita hapo katikati, na mama mzazi amekaa mbele ya sinia ya pilau akitafunia upande mmoja, mkono umeziba mdomo.

Haya yote yangezuiwa na kikaratasi. Pakiti ya kipandikizi huja na stika zenye jina la kampuni, aina, upana na urefu kwa milimita, na nambari ya toleo. Moja hubandikwa kwenye faili la daktari. Ya pili idai wewe, siku hiyo hiyo, kabla hujaondoka kitini. Dai pia tarehe, jino lililowekwa, eksirei ya mwanzo baada ya taji kufungwa, na jibu la swali hili: taji limefungwa kwa skrubu au limegandishwa kwa saruji ya meno? Lililogandishwa, saruji ikibaki chini ya ufizi huleta uvimbe usioisha. Piga picha karatasi zote, zitume kwa mtu wako wa nyumbani, na karatasi zenyewe ziweke zinapokaa hati za nyumba.

Usiseme miaka ni mingi. Mtu wa kwanza kuwekewa vipandikizi hivi vya titani, Gösta Larsson wa Sweden, aliwekewa na daktari mtafiti Per-Ingvar Brånemark mwaka 1965 na alikuwa navyo hadi alipofariki mwaka 2006. Daktari wako atastaafu, kliniki itahama, kampuni itabadili jina, na skrubu bado imo kinywani.

Jino likicheza, usiligandishe kwa gundi ya dukani, na usisubiri. Hata kama hakuna kinachosumbua, rudi kwa daktari kila baada ya miezi sita, au kama alivyokupangia, apime ufizi na alinganishe eksirei mpya na ile ya mwanzo. Bila ya mwanzo hakuna cha kulinganisha. Ukiandikiwa dawa za kuimarisha mifupa, mwambie daktari wa meno kabla hajagusa chochote. Ukihama mji, chukua nakala ya faili lako. Na kwa wazee wetu: mikono ikianza kutetemeka, atakayewasafisha kinywa huenda asijue kuna skrubu mle ndani. Mwonyesheni mapema, burashi inapita wapi na uzi unaingilia upande gani.