Kabla hujapeleka barua ya kuacha PhD

Wewe unayefikiria kuacha PhD hapa Kampala, kwanza toa ule mkataba wa ufadhili kwenye faili uusome upya, hasa kifungu cha kurudisha pesa. Kama aliyekulipia ni mwajiri, huenda ulisaini kumtumikia miaka kadhaa. Ukikatisha, anaweza kukudai. Uliza kwa barua pepe, siyo mdomoni kwenye korido.

Halafu tazama kalenda ya chuo. Mimi nilijisajili, nikaacha wiki ya tatu, nikadaiwa ada ya muhula mzima! Pesa hiyo ingenilipia kodi ya chumba changu Ntinda miezi minne. Afadhali ningeomba kuahirisha masomo kabla ya kujisajili.

Na posho ikikatika, mkopo wa SACCO haukatiki. Waone mapema, wakuongezee muda wa kulipa.