Somo: Kutembelea Mbeya kwa kufuata mzigo wa sokoni

Kila anayepanga kuja Mbeya mara ya kwanza huniuliza, "Hapo mjini kuna nini cha kuona?" Mjini penyewe hakuna makubwa. Mji ulianza miaka ya 1920 kwa sababu ya dhahabu ya Lupa, kule Chunya, baadaye ukanenepeshwa na barabara kuu na reli, na majengo yake yamejengwa kwa kazi. Utamu uko kwenye bonde: safu ya Loleza kaskazini, milima ya Uporoto kusini mashariki, na mashamba yanayoteremka mpaka kwenye kuta za nyumba za watu. Mimi wageni wangu nawaanzisha sokoni asubuhi, wanauliza mzigo umetoka wapi, kisha tunaufuata huko.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Upande wa Rungwe inaingia Mei bila aibu. Huo ndio wakati wa kijani, na mwenye hamu ya maua ya Hifadhi ya Taifa ya Kitulo aje kati ya Desemba na Aprili. Ila njia za milimani zinateleza vibaya.

Mei hadi Agosti ni mavuno, na ni baridi pia. Mji uko kwenye mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na alfajiri za Juni na Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Usihangaike kununua koti Dar. Mtumba wa soko la Mwanjelwa, hapa mjini, una masweta ya kumwaga, na bei hulegea ukionyesha huna haraka. Ningeambiwa nichague, ningechukua mwisho wa Mei: mvua ya mjini imekata, vumbi halijaanza, mchele mpya umeanza kuingia. Wiki ya kwanza ya Agosti ni maonyesho ya Nane Nane kwenye viwanja vya John Mwakangale. Ni mazuri, lakini gesti weka mapema.

Hatua ya 2: Jua pa kushukia

Kwa basi kutoka Stendi ya Magufuli, Mbezi, ni zaidi ya kilomita 800. Panda la alfajiri ili Mikumi na mlima Kitonga uvipite ukiwa unaona. Treni ya TAZARA, reli iliyojengwa 1970 hadi 1975, ni ya mtu mwenye muda wa ziada, na kwanza hakikisha kama ipo siku hiyo. Stesheni iko Iyunga, magharibi ya mji. Uwanja wa ndege wa Songwe, uliofunguliwa 2012, uko mbali zaidi upande huohuo, kwa hiyo weka nauli ya taksi kwenye bajeti.

Basi la Dar linapita Uyole na stendi ya Nane Nane kabla ya kuingia mjini. Kama kesho yako ni Tukuyu, tafuta gesti hukohuko, usije mjini ukarudi tena. Bajaji nyingi za Mbeya zina ruti zake kama daladala, kwa hiyo kabla hujakaa uliza, "Unapakia au unakodisha?" Usipouliza, utalipia viti vyote.

Hatua ya 3: Sokoni kabla jua halijakaza

Fika soko la Soweto au la Mwanjelwa saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi. Mwanjelwa ndiyo yenye jina. Soko la zamani liliungua mwaka 2006, na lililopo sasa ni jengo la kisasa. Kwa kujifunza, mimi napenda palipo na magunia chini.

Anza na viazi mviringo. Tazama gunia linaposhushwa: mdomo haukushonwa, umesukiwa kamba, na juu yake viazi vimerundikwa mpaka gunia limevaa kilemba. Hiyo ndiyo lumbesa. Wakala wa Vipimo wanaipiga vita miaka nenda rudi, na mkulima haipendi maana anatoa gunia na nusu akalipwa gunia moja, lakini bado utaiona. Rejareja, viazi hupimwa kwa sado, yale makopo ya plastiki ya rangi, au kwa debe. Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji amimine sado yako chini uone vya katikati. Hakasiriki, wenyeji ndivyo wanavyofanya.

Sasa muulize, "Mama, hivi vya wapi?" Utasikia Isongole, Umalila, Ukinga. Ndizi atakwambia Tukuyu. Parachichi, Rungwe. Mchele ni Kyela au Usangu, na hapo atakueleza kwa nini wa kwake ndio bora. Msikilize mpaka mwisho, maana ramani ya safari yako ndiyo hiyo unapewa bure. Anza na shikamoo kwa mama wa makamo, nunua kitu kidogo, halafu ndipo uombe kupiga picha.

Hatua ya 4: Panda barabara ya Tukuyu

Kosta na Noah za Tukuyu zinapatikana Nane Nane. Ukipita Uyole gari linakata kulia na kuanza kupanda, na baridi inaingia dirishani. Isongole utaitambua kwa ndoo za viazi zilizopangwa kandokando ya lami. Hapo ndipo pa kushuka kwa Ziwa Ngozi, lililo ndani ya kreta ya volkano iliyolala. Lipa ada ya hifadhi ya msitu, chukua mwongozaji wa kijijini, panda taratibu. Ndani ya msitu kuna mianzi na kivuli kizito, na sehemu ya mwisho ni mwinuko wa kushika mizizi. Ukifika ukingoni, maji yako chini sana, ya kijani. Ishia hapo. Kuteremka hadi ziwani ni kwa mwenye magoti mazuri na siku kavu.

Mbele zaidi, baada ya kuiacha barabara kuu, kuna Daraja la Mungu, upinde wa mwamba wa asili juu ya mto Kiwira, kisha Kijungu, mahali mto unapotumbukia kwenye chungu cha mawe. Kijungu kiko eneo la chuo cha magereza: ripoti getini na uulize wapi unaruhusiwa kupiga picha. Kwa usafiri wa umma usilazimishe Ngozi na Kijungu siku moja. Utakimbia kote na hutafaidi popote.

Malizia Tukuyu mjini. Migomba, chai ya Katumba, na mlima Rungwe wenye karibu mita 3,000 kama mawingu yakikubali. Kula ndizi za kupikwa, mbalaga, zikiwa za moto.

Hatua ya 5: Ukibakiwa na siku

Barabara ya Chunya ina mahali pa kusimama ukauona uwanda wa Usangu wote chini, kule mchele wa Mbarali unakotoka. Au nenda Mbozi, mkoa wa Songwe, kwenye nchi ya kahawa, ukaone kimondo cha Ndolezi, pande la chuma linalokadiriwa kuwa na tani 16. Kitulo ipe siku yake peke yake.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Tanga:* Shikamoo dada. Nina watoto, mmoja ana miaka sita, mwingine tisa. Ngozi wataiweza?

Marahaba mdogo wangu. Wa tisa ataweza mkienda wakati wa kiangazi. Wa sita utambeba sehemu ya mwisho, na kule hakuna pa kupumzikia na mtoto mgongoni. Wapeleke Daraja la Mungu, watafurahi zaidi.

*Mwanachama, Arusha:* Matema naweza kwenda na kurudi siku moja?

Kwenda utafika. Kurudi utakuwa umeliona Ziwa Nyasa kwa dirishani tu. Lala huko angalau usiku mmoja, na beba chandarua: Matema iko Kyela, bondeni, joto na mbu wapo, hata kama Uyole umelala na blanketi mbili.

*Mwanachama, Uyole:* Dada yangu, mbona lumbesa umeifanya kivutio cha wageni? Sisi wakulima inatuumiza.

Sijaisifu, kaka. Nataka mgeni anayekula chipsi Dar aone kiazi kilivyopimwa kabla hakijamfikia. Na nyie mkiuza kwa kilo shambani, waambieni wageni, wapo wanaopenda kununua hivyo.

*Mwanachama, Dodoma:* Nataka gunia la mchele wa Kyela. Nitajuaje sijauziwa mwingine?

Chukua kiganjani, sugua, upulizie pumzi ya moto kisha unuse. Wa Kyela halisi unanukia kabla haujapikwa. Uliza pia kama ni mpya, maana mpya hunywa maji kidogo; ukipika kwa kipimo ulichozoea utapata bokoboko. Na usinunue gunia kabla hujapika kilo moja. Gesti nyingi wakikuona mstaarabu watakuazima jiko.

*Mwanachama, Dar:* Parachichi zinafika Dar salama?

Nunua ngumu, funga moja moja kwa gazeti, weka kwenye tenga, si kwenye mfuko wa nailoni. Usikubali liwekwe kwenye buti chini ya mabegi. Omba ukae nalo miguuni. Zilizoiva zile hapahapa Uyole, kwa chumvi na mkate wa moto.